Siku Nilipomwacha Mwalimu Afungue Mvuke

Nilisomea sayansi ya vyakula miaka minne, na katika miaka hiyo yote sikumgusa samaki hata mmoja chuoni. Sitii chumvi. Chuo chenyewe hakiko mbali na ziwa. Upepo ukigeuka, harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliingia darasani na wenzetu wa kutoka bara wakaziba pua. Lakini ndani ya maabara samaki alikuwa ubaoni tu, amechorwa kwa chaki, mishale ikielekea mashavu, tumbo na mkia.

Maabara ile ilikuwa na kifaa kimoja cha maana: chungu kikubwa cha chuma cha kuulia vijidudu kwa mvuke, chenye kifuniko cha skrubu sita, saa ya kuonyesha presha na bomba dogo juu yake la kutolea mvuke. Kilifunikwa kitambaa cheupe kama meza ya Bwana kanisani, na kama meza ya Bwana, hakikuguswa ovyo.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ambazo stima ilipotea mtaani kwake. Notsi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Mara moja kwa muhula alikiondoa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akatuambia, "Chora, na uandike majina ya sehemu zote. Hii haikosi kwenye mtihani."

"Mwalimu, tutakiwasha lini?" mmoja wetu aliuliza.

Alikohoa kidogo. "Tuone muhula ujao."

Muhula uliofuata tulichora tena. Mtihani ulipokuja nilipata alama za juu kuliko wote, na mchoro wangu ukabandikwa ukutani. Nakiri kwamba nilijivuna. Sikumdharau mwalimu yule hata kidogo. Alinikopesha vitabu vyake mwenyewe, na nilipougua malaria wiki ya mitihani alinitafuta hadi bwenini kuniambia nitafanya mtihani wangu baadaye, nisijali.

Mama yangu alikuwa akianika omena ufuoni, kijijini Usenge. Siku ya mahafali alikuja na gauni lake la kanisani, akanishika joho kwa ncha za vidole kana kwamba litachafuka. "Sasa nyathina," akaniambia, maana yake mwanangu, "wewe hutanuka samaki tena."

Nilisaga lami miaka miwili nikitafuta kazi. Nililala kwa rafiki yangu mtaani Nyalenda, chumba kimoja, godoro moja, tukipeana zamu ya kwenda kuteka maji asubuhi. Kila tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye uzoefu. Hatimaye kiwanda kimoja cha samaki hapa Kisumu kikaniita majaribio, nafasi ya msaidizi wa ubora. Tulifika watano, wote na digrii, wote na vyeti ndani ya mafaili ya plastiki, wanaume wamevaa tai.

Tulitarajia ofisi. Tukapelekwa kwenye chumba cha kukatia minofu, baridi, sakafu imelowa, wanawake wamesimama mistari miwili na visu. Msimamizi wao alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, aproni hadi kwenye buti, shule yake imeishia darasa la saba. Alituambia hilo yeye mwenyewe kabla ya salamu. Kisha akamwaga mezani beseni la ngege, yaani sato.

"Hapa kuna samaki kumi," akasema. "Tatu imeharibika. Nitolee hiyo tatu."

Wa kwanza, kijana wa tai nyekundu, akaanza kutaja majina ya bakteria wanaoozesha samaki. Alitaja manne.

"Mimi sijakuuliza jina ya baba yao," mama yule akamkata. Wanawake wa visu wakacheka bila kuinua vichwa.

Zamu yangu ikafika. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, maana mimi nilijua. Tangu nikiwa na miaka saba nilimsaidia mama kuchagua samaki ufuoni. Ngege mmoja jicho lilikuwa limezama, mwingine tumbo limelegea, wa tatu ungemfunua shavu ukakuta rangi ya kahawa badala ya wekundu. Mkono wangu uliinuka wenyewe kuelekea meza. Nikaurudisha. Niliwaza kwamba nikinusa samaki mbele ya watu kama msichana wa ufuoni, ni nani atajua nimesoma?

"Inabidi tuchukue sampuli," nikasema, "tuipeleke maabara, tungoje saa arobaini na nane."

Alinitazama sana. "Lori iko kwa geti. Dereva amewasha injini. Nimwambie akuje kesho kutwa?"

 Akachukua faili langu, akatoa cheti, akakitandaza pale mezani kwenye maji, na juu yake akamlaza yule ngege wa jicho lililozama. "Wacha hii karatasi isome samaki, sisi tuone."

Walicheka wote, hata wenzangu wanne. Wino wa muhuri ulianza kutembea. Nilisimama nikiutazama ukisambaa, na mama yule akatugeukia sote watano akasema neno ambalo lilinikaa miaka mingi: "Nyinyi mmesomeshwa na mtu hajawahi shika kisu. Si makosa yenu. Lakini mimi nitawafanyia nini?"

Wanne waliondoka. Mimi nilibaki mlangoni hadi mapumziko ya chai, kisha nikamfuata. "Mama, nipe kisu."

"Ya kazi gani?"

"Ya kibarua."

Nilikata minofu mwaka mzima na zaidi. Alinifundisha kwa matusi, na alinifundisha vizuri. Nikiacha nyama kwenye mfupa alininyang'anya samaki akamwinua juu: "Muone digrii inavyotupa chakula!" Vidole vyangu vilikatika hapa na hapa, chumvi na barafu zikaingia. Jioni nilinuka hadi kondakta alinikalisha nyuma. Lakini baada ya miezi kadhaa niliweza kumjua samaki mbovu nikiwa nimempa mgongo, na msaidizi wa ubora alipoacha kazi, mama yule mwenyewe ndiye aliyeenda kwa meneja akasema, "Huyu sasa anaweza." Nikavaa koti jeupe. Miaka mitatu baadaye maabara ya kiwanda ikawa chini yangu.

Mtu angetarajia nimchukie yule mama. Sikuweza. Mkate wangu ulitoka mikononi mwake. Lakini hasira haifi kwa sababu haina mahali pa kwenda, na yangu ikatafuta njia ikamwendea mwalimu. Nilianza kukumbuka kitambaa kile cheupe alivyokikunja kwa uangalifu. Miaka minne! Mama yangu alichomwa na jua la Usenge miaka minne ili mtu anifundishe kupiga mstari na rula. Nilipokuwa nikisugua meza za maabara nilikuwa nikizungumza naye kichwani, na siku zote mimi ndiye niliyeshinda.

Kisha akaja.

Chuo kilikuwa kimeambiwa kipange upya masomo yake pamoja na waajiri, ili wanafunzi wakimaliza wapate kazi. Hatua ya kwanza ilikuwa ziara. Akafika na wanafunzi kama kumi na wawili, shati lake limepigwa pasi vilevile, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Aliponiona mlangoni uso wake ulifunguka wote.

"Huyu alikuwa mwanafunzi wangu!" akawaambia. "Yule wa mchoro ulioko ukutani, ndiye huyu. Mnaona mtu akisoma anafika wapi?"

Wanafunzi wakanipigia makofi. Nilitabasamu. Kila neno la sifa lilinichoma mahali palepale.

Niliwatembeza. Niliwaonyesha vipimo, majokofu, madaftari. Mwishoni nikawafikisha kwenye chumba kidogo cha nyuma ambako tulikuwa na chungu cha mvuke cha aina ileile ya chuoni, kikuukuu lakini kizima. Kilikuwa kimetoka kuzimwa. Kanuni ya kwanza ya chungu kile ni subira: unazima moto, unangoja mshale wa presha urudi kwenye sifuri, ndipo unaligusa bomba, tena kwa glavu nene, umesimama pembeni. Mshale haukuwa umefika hata nusu ya safari.

"Mwalimu," nikasema, "tuonyeshe namna ya kukifungua."

Alinitazama. Nilimwona akielewa. "Nafikiri nyinyi wenyeji..."

"Hapana, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Wanafunzi wawili walishatoa simu kurekodi. Alisogea. Akanyoosha kidole, na sauti yake ikawa ileile ya darasani: "Basi, hiki ni kifuniko. Hizi ni skrubu sita. Hii hapa ni saa ya—"

"Majina tunayajua," nikasema. "Fungua."

Mtu akacheka nyuma. Kisha wengi. Kijana mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Kumbe hata yeye!" Shingo ya mwalimu ilitoa jasho. Akatafuta kwa macho mahali pa kuanzia, akaliona lile bomba dogo la juu, akaweka kiganja.

Glavu zilikuwa zimetundikwa ukutani karibu na bega langu, kwenye msumari. Mshale niliuona. Kulikuwa na nafasi ya kusema "ngoja". Nimepima nafasi ile mara nyingi, na ilitosha. Ingetosha hata kumvuta mkono. Nilinyamaza.

Mvuke ulitoka na mlio kama wa nguo inayopasuliwa. Ulimpata kiganjani na kwenye kifundo. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma, mkono umeinuliwa mbele yake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akasema, "Samahani." Aliniomba samahani mimi. Akawageukia wanafunzi wake akawaambia nao samahani.

Aliyekuja mbio ni yule mama wa minofu. Alimvuta hadi kwenye bomba la maji baridi, akaushikilia mkono pale, akimsemesha kwa Dholuo polepole kama mtoto. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Nikasimama karibu, nimeshika taulo ambalo hakuna aliyeliomba.

"Mshale ilikuwa wapi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Sikuona."

"Wewe? Hukuona mshale?"

 Mwalimu alikuwa amefumba macho, meno yameumana. Mama yule akageuza kichwa sasa, akanitazama kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Mimi nilikutukana," akasema. "Lakini mimi sikukuchoma."

Mwalimu alipelekwa hospitali kwa gari la kiwanda. Jioni hiyo niliandika ripoti: Mgeni alifungua bomba kabla ya presha kushuka, bila glavu, kinyume cha maelekezo yaliyobandikwa ukutani. Hakuna neno la uongo ndani yake. Meneja aliisoma akafurahi, kwa sababu kosa halikuwa letu. Chuo kilipotuandikia kuuliza maoni yetu kuhusu walimu na masomo yao, meneja aliiambatanisha ripoti yangu na jibu lake. Mwalimu alikuwa wa mkataba. Muhula ulipoisha, hawakumwita tena.

Nilipopata habari hiyo nilikula chakula cha mchana kama kawaida. Nakumbuka kilikuwa ugali na sukuma. Nilijiambia kwamba wanafunzi ndio wamepona.

Na kusema kweli, walipona. Mimi niliwekwa kwenye kamati ya kupanga masomo mapya, nikiwakilisha waajiri. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli karibu na ziwa, chupa ya maji mbele ya kila mtu, na wenye viwanda wakazungumza kwa zamu. Mmoja alisema wahitimu wa siku hizi wanajua kila kitu isipokuwa kazi, watu wakacheka. Nami nikacheka. Tulikubaliana kwamba kila mwanafunzi akae kiwandani muhula mzima. Sasa wanakuja, wanavaa buti, wanashika kisu, wanafungua chungu kile kwa mikono yao, mimi nikiwa nimesimama kando. Mwaka wa kwanza tulichukua wawili kazini. Mpango ni mzuri, siwezi kuukataa.

Ni kwa ajili ya kamati hiyo nilienda kwenye kabati la ofisi kutafuta barua za zamani kati yetu na chuo. Meneja alitaka kuonyesha kwamba ushirikiano wetu ulianza kitambo. Nilipata faili jembamba lenye vumbi. Ndani yake mlikuwa na barua za mtu mmoja tu. Ulikuwa mwandiko ninaoujua, ule wa pembeni mwa karatasi zangu za mtihani.

Alikuwa ametuandikia kila likizo ndefu. Aliomba aruhusiwe kuja kiwandani wiki mbili, bila malipo, ajifunze kutumia vifaa, kwa sababu vya chuoni amekabidhiwa kwa sahihi yake na kimoja kikiharibika mikononi mwake atakilipa kutoka mshahara. "Ninaona haya kuwafundisha vijana kitu ambacho mimi mwenyewe sijakifanya," aliandika kwenye mojawapo. Kwenye nyingine alisema yuko tayari hata kufagia. Kila barua ilikuwa imebanwa pamoja na nakala ya jibu letu, na jibu lilikuwa moja, mstari mmoja, limebadilishwa tarehe tu: kiwanda hakina nafasi ya wageni.

Moja ya barua hizo ilikuwa ya mwaka ambao mimi nilikuwa darasani kwake, nikichora.

Nilikaa na faili lile magotini. Sikulia. Nililirudisha kabatini nikamwambia meneja sijapata kitu.

Nilikutana naye mwaka uliopita, langoni kwetu. Kiwanda hakitupi mifupa ya mbuta, yaani sangara, baada ya kutoa minofu. Kuna wanawake kutoka mtaa wa Obunga wanaoinunua kwa magunia, wanaikausha na kuikaanga, na watu wanaila kwa jina la mgongo wazi. Asubuhi hiyo nilikwenda kwenye foleni yao kuangalia usafi wa magunia. Alikuwa amesimama nyuma ya mke wake, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa kifungo hadi kifundoni. Ndiyo iliyonifanya nimjue, pasi ile.

"Madam," akaniamkia. Mtu huyu alinitafuta bwenini nikiwa mgonjwa, na sasa ananiita Madam.

"Mwalimu. Habari ya siku nyingi."

"Tuko. Namshukuru Mungu." Akanivuta pembeni kwa adabu. Alikuwa akifundisha hesabu watoto wa shule, nyumba kwa nyumba, na siku za kazi nyingi alimsaidia mkewe kubeba mifupa. Lakini kulikuwa na chuo cha ufundi kilichotangaza nafasi. Alitoa karatasi mfukoni, gazeti lililokatwa kwa mkasi. "Wanataka mwalimu aliyepitia kiwandani. Siku hizi wote wanataka hivyo. Nikafikiri labda unaweza kuniandikia barua fupi. Mistari miwili tu. Kwamba nilipitia kwenu."

"Mwalimu," nikasema, "lakini hukupitia."

Alitabasamu. Halikuwa tabasamu la ubaya. "Nilipitia siku moja," akasema, akautazama mkono wake.

Nilikuwa na uwezo. Karatasi yenye nembo ilikuwa mezani kwangu, na meneja husaini nikimpelekea bila kusoma. Lakini barua ingetaka tarehe, na tarehe ingempeleka mtu kwenye ripoti, na kwenye ripoti kuna jina langu na mshale ambao sikuuona. Hayo yote niliyawaza haraka, haraka kuliko nilivyowaza siku ile mbele ya chungu. Na faili la barua zake lilikuwa kabatini, hatua chache kutoka hapo tuliposimama. Sikumwambia kwamba nimelisoma.

"Kiwanda hakitoi barua kwa mtu ambaye hakufanya kazi hapa," nikasema. "Ndiyo kanuni."

"Ah. Kanuni." Alikunja kipande chake cha gazeti mara mbili, akakirudisha mfukoni. "Ni sawa, Madam. Nilikuwa nauliza tu."

Akarudi kwenye foleni. Zamu yao ilipofika alipandisha gunia begani kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukisaidia kwa kifundo tu, vidole havikunjiki. Maji ya samaki yakamtiririkia mgongoni, juu ya shati. Mke wake, ambaye hakuwa anajua mimi ni nani, alinipa kwaheri ya heshima, kisha akamwambia kwa Dholuo aongeze mwendo, wateja wa asubuhi watapita.